Mtemi wa Sungusungu: Cheo cha Ulinzi Kinachochaguliwa na Wananzengo

Mkoa wa Simiyu ulihesabiwa kuwa na watu 2,140,497 katika sensa ya mwaka 2022, na karibu kila mwenye amri juu ya ulinzi wao ni mteule. Mkuu wa Jeshi la Polisi huteuliwa na Rais. Kamanda wa Polisi wa Mkoa hupangwa kutoka makao makuu na kuletwa Bariadi, na siku yoyote anaweza kuhamishiwa mkoa mwingine. Mkuu wa Mkoa, ambaye ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Ulinzi na Usalama, naye ni mteule wa Rais, na Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inampa uwezo wa kuamuru mtu awekwe ndani hadi saa 48 pale amani inapoonekana kuwa hatarini. Wabunge wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega wamepigiwa kura, lakini mkono wao juu ya polisi unaishia kwenye maswali wanayouliza bungeni Dodoma. Ukimtafuta kiongozi wa ulinzi aliyechaguliwa na wale wale anaowalinda, itabidi ushuke hadi kijijini. Huko wako wawili: mwenyekiti wa kijiji, anayeongoza halmashauri yenye kamati yake ya ulinzi na usalama, na mtemi wa sungusungu, yaani kiongozi wa kundi la ulinzi la wanakijiji wenyewe.

Cheo cha mtemi kina historia ndefu kuliko sungusungu wenyewe. Kabla ya uhuru, nchi ya Wanyantuzu, yaani Bariadi na viunga vyake, ilikuwa na watemi wake wa Ntuzu, na jirani zao wa Kanadi, Dutwa na Itilima walikuwa na wao. Utemi huo wa jadi ulifutwa na sheria ya mwaka 1963. Kwa karibu miaka ishirini hakukuwa na mtu aliyeitwa mtemi kwa cheo cha kazi. Jina liliporudi mwanzoni mwa miaka ya 1980, halikurudi kwa wana wa nyumba za kitemi. Lilipewa mkulima wa pamba au mfugaji wa kawaida aliyesimamishwa mbele ya mkutano na wenzake wakamkubali. Kwa utendaji, mtemi huyu mpya anafanana zaidi na nsumba ntale, kiongozi wa vijana katika vijiji vya zamani vya Kisukuma. Nsumba ntale alichaguliwa na rika lake. Ndiye aliyekusanya vijana kulima shamba la mmoja leo na la mwingine kesho, na aliyekwepa zamu alitozwa faini, au wenzake walimsusia. Sungusungu walivaa jina la mtemi, lakini nidhamu yao ni ya nsumba ntale.

Sababu za kuzaliwa kwao zinaanzia kwenye kushindwa kwa vyombo vya dola. Mwaka 1974 familia za Kisukuma zilizokuwa zimeishi kwa kutawanyika zilihamishiwa katika vijiji vya pamoja, nyumba zikasogezwa mbali na malisho ya zamani, na watu wasiofahamiana wakawa majirani. Miaka hiyo hiyo mauaji yalizidi katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, mengi yakihusishwa na tuhuma za uchawi. Bariadi na Maswa zilikuwa bado sehemu ya Shinyanga, kwa kuwa Simiyu haikuwa mkoa hadi mwaka 2012. Mwaka 1976 maofisa wa polisi na wa usalama walifanya msako mkubwa. Watu wengi walikamatwa, wakateswa, na baadhi yao wakafia mikononi mwa waliowakamata. Habari zilipofika juu, Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu mapema mwaka 1977, pamoja na waziri aliyeshughulikia usalama wa taifa, Peter Siyovelwa. Wakuu wa mikoa ya Mwanza na Shinyanga nao waliachia ngazi, na maofisa kadhaa walishtakiwa wakafungwa. Mwinyi hakumtesa mtu yeyote kwa mkono wake. Alibeba dhamana kwa sababu polisi walikuwa chini ya wizara yake, na kitendo hicho kimebaki mfano unaotajwa Tanzania kila inapozungumziwa dhamana ya uongozi. Kwa mkulima wa Ntuzu, hata hivyo, kujiuzulu kwa waziri hakukurudisha ng'ombe walioibwa. Alichokiona ni kwamba polisi, ambao tangu zamani walikuwa mbali na wachache, sasa walikuwa pia wa kuogopwa.

Kisha vikaja Vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Baada ya vita silaha zilizagaa vijijini, bidhaa zikaadimika madukani, na wizi wa mifugo ukageuka kuwa unyang'anyi wa bunduki. Kati ya mwaka 1981 na 1982, vijiji vya mpakani mwa Kahama na Nzega vilianza kujipanga. Wengine waliliita kundi hilo Busalama, wengine sungusungu, kwa jina la wale siafu weusi wanaouma wote kwa pamoja. Katika muda wa miezi tu mpango huo ulienea Usukuma na Unyamwezi nzima, Bariadi ikiwamo. Ulienea bila amri ya serikali, bila bajeti na bila gari hata moja. Kijiji kimoja kilialika viongozi wa kijiji jirani, wakaelekezwa, wakala kiapo, wakarudi kwao kuanzisha kundi lao.

Vifaa vilikuwa vichache na kila mwanamume alitakiwa kuwa navyo: upinde, mishale na filimbi. Ng'ombe wakiibwa, mwenye mali hupiga yowe, yaani mwano, na filimbi hulidaka, mtaa kwa mtaa, kijiji kwa kijiji. Wengine hukimbilia kwenye njia na vivuko, wengine hufuata nyayo. Nyayo zikipotelea katika kijiji fulani, viongozi wa hapo ndio wanaoulizwa kwanza, na wao hulazimika kuonyesha zilikotokea upande wa pili. Nguvu ya mpango huu ilikuwa katika kuungana. Mwizi mwenye bunduki anaweza kutisha boma moja, hata matano. Hawezi kupita katikati ya vijiji thelathini vilivyoamka usiku huo huo.

Mtemi huchaguliwa katika mkutano wa hadhara. Hakuna karatasi za kura, hakuna kampeni, na mara nyingi hakuna hata mgombea anayejitangaza. Anayejitangaza mno hushukiwa. Jina hutajwa, watu wanalizungumza, wenye malalamiko wanayatoa palepale, na mkutano unaafiki au unakataa. Pamoja naye huchaguliwa msaidizi, katibu na kamanda. Katibu anatunza daftari la majina, zamu na faini. Kamanda anaongoza msako. Mtemi anaongoza baraza, na kwa kawaida neno lake ndilo la mwisho baada ya wengine kusema yao. Sifa zinazotazamwa ni chache na ngumu: mtu asiwe na historia ya wizi, asiwe na deni linalomfunga kwa tajiri, na ajulikane anakotoka. Tangu mwanzo palikuwa na tahadhari ya kutowapa nafasi hiyo viongozi wa chama tawala, CCM, na serikali, kwa kuwa baadhi yao walidhaniwa kula na wezi. Mshahara haupo. Faini zinazotozwa zinatakiwa kuwa mali ya kundi, na hapo ndipo watemi wengi walipojikwaa, maana ng'ombe wa faini akishachinjwa ni vigumu kumkagua.

Mishale ndiyo iliyopigwa picha na kuandikwa magazetini, lakini silaha nzito ya mtemi ni kutenga. Mtu aliyekaidi baraza, aliyeficha mwizi, au aliyekataa zamu anaweza kutangazwa kuwa ametengwa na wananzengo, yaani wanakijiji wenzake. Kuanzia hapo hasalimiwi. Hapewi moto wala hachotewi maji, hasaidiwi kulima, ng'ombe wake hawachungwi na wa wengine. Akifiwa, anachimba kaburi mwenyewe na watoto wake. Anayemhurumia naye anatozwa. Katika nchi ya kilimo cha jembe na plau la ng'ombe, ambako kazi kubwa hufanywa kwa kusaidiana, adhabu hii inauma kuliko jela. Aliyepelekwa jela bado ana watu wanaomngojea nyumbani. Aliyetengwa yuko nyumbani tayari, na watu ndio hao wanaopita mlangoni bila kugeuza shingo. Wengi waliotengwa walirudi wakiomba radhi, wakalipa ng'ombe au mbuzi, wakapokelewa. Mtemi hawezi kutenga mtu peke yake: wananzengo wasipomfuata, tamko lake halina nguvu. Kwa hiyo uchaguzi wake unarudiwa kila anapotoa hukumu. Hapa ndipo cheo hiki kinapotofautiana kabisa na cha mkuu wa polisi wa wilaya, ambaye amri yake inatekelezwa hata kama wilaya nzima haimpendi.

Serikali ilibabaika mbele ya jambo hili. Polisi na mahakimu waliona watu wanaokamata, kuhukumu na kupiga bila idhini, na katika miaka ya mwanzo watemi na makamanda kadhaa walikamatwa na kushtakiwa. Viongozi wa chama, akiwamo Mwalimu Nyerere, waliona wananchi waliojilinda pale serikali ilipokuwa imeshindwa, wakawatetea. Mvutano huo ulikwisha kwa sheria ya mwaka 1989, iliyorekebisha sheria za mgambo na kuwataja sungusungu na wasalama kwa jina, ikawapa uwezo wa kukamata kama ule wa askari polisi wa kawaida. Rais wakati huo alikuwa Ali Hassan Mwinyi. Mtu aliyepoteza uwaziri kwa sababu ya yale polisi waliyoyafanya Mwanza na Shinyanga ndiye ambaye, chini ya utawala wake, wanakijiji wa huko huko walitambuliwa kisheria kuwa walinzi. Historia haisemi kwamba jambo moja lilizaa lingine, lakini ni vigumu kuyatazama mawili hayo bila kuyaweka karibu.

Mwaka uliofuata sungusungu walisafiri hadi mijini kwa mkono wa mwanasiasa. Augustine Mrema, Mbunge wa Moshi Vijijini, aliteuliwa Waziri wa Mambo ya Ndani mwishoni mwa mwaka 1990, akaagiza mitaa ya Dar es Salaam na miji mingine iunde sungusungu. Mrema, aliyekuwa amewahi kufanya kazi ya usalama, alipenda kutoa maagizo ya siku saba na kusikiliza kesi za watu ofisini kwake, na umaarufu huo ulimfikisha kwenye cheo cha Naibu Waziri Mkuu. Mwaka 1995 alihama CCM, akagombea urais kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi na kushika nafasi ya pili. Yeye ni mfano wa wazi wa Mtanzania aliyejenga siasa yake juu ya ulinzi wa raia. Ila sungusungu wake wa mjini hawakufanana na wa Usukumani. Mtaani Dar es Salaam watu hawafahamiani kwa ukoo wala kwa shamba, kutengwa hakumtishi mpangaji anayeweza kuhama kesho, na walinzi walikuwa wa zamu au wa kulipwa kwa michango. Kilichobaki ni filimbi, fimbo na daftari la michango, na malalamiko ya watu kusimamishwa usiku na kuombwa fedha yalifuata upesi. Jina lilihama, lakini uchaguzi uliolipa nguvu uliachwa kijijini.

Vijijini kwenyewe, sheria ya 1989 ilimpa mtemi kinga na ikamletea wakubwa. Sungusungu wakawekwa katika mkondo wa mgambo, chini ya mshauri wa mgambo na mkuu wa wilaya. Mtemi akawa na mabwana wawili: mkutano uliomchagua na ofisi inayomtambua. Wote wakikubaliana, kama katika msako wa ng'ombe walioibwa, kazi inakwenda vizuri. Ofisi inapomtaka mtemi akamate wasiolipa michango ya shule au zahanati, mambo huharibika. Mtemi aliyechaguliwa kupambana na wezi anajikuta akibeba mbuzi wa jirani yake kwa niaba ya mtendaji wa kijiji. Tatizo hili limewachosha watemi wengi kuliko wezi wenyewe.

Kuna kazi moja nje ya msako wa wezi ambayo mtemi aliifanya kwa ufanisi usiotegemewa. Mwaka 1986 mkoa wa Shinyanga, wakati huo ukiwa na eneo kubwa la Simiyu ya leo, ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI. Mkoa ulikuwa umefyekwa miti kwa ajili ya mashamba ya pamba, kuni na vita dhidi ya mbung'o (ndorobo). Mradi ulihimiza kurudishwa kwa ngitili, malisho ya akiba yanayofungwa wakati wa masika ili mifugo ipate majani kiangazi. Mkutano wa jadi, dagashida, uliweka masharti, na sungusungu wakayasimamia: aliyelisha ndani ya ngitili iliyofungwa alitozwa. Zaidi ya hekta 300,000 zilirudishiwa uoto, na mwaka 2002 mradi ukapewa tuzo ya kimataifa ya Equator. Maofisa misitu wachache wasingeweza kulinda eneo la ukubwa huo hata kwa siku moja.

Upande mwingine wa kumbukumbu hauna tuzo. Baraza la sungusungu halina wakili wala rufaa, na halitofautishi vizuri kati ya tuhuma na ushahidi. Katika miaka ya mwanzo waganga walikuwa na nafasi kubwa ndani yake. Wao ndio waliotengeneza dawa za kinga, na wengine walisaidia kutambua wabaya. Mlango huo ukishafunguliwa kwa mwizi, unafunguka pia kwa anayeitwa mchawi. Usukumani wanawake wazee, baadhi yao wakiwa na macho mekundu kwa moshi wa miaka mingi jikoni, wameuawa au kufukuzwa makwao kwa tuhuma hizo, na kuna mahali ambapo sungusungu walikuwa miongoni mwa waliowafukuza. Watuhumiwa wa wizi nao wamepigwa hadi kufa. Sheria iko wazi: sungusungu anakamata na kukabidhi, hahukumu. Lakini mkutano uliomchagua mtemi mara nyingi unataka hukumu, tena leo leo, na mtemi anayempeleka mshukiwa kituoni kisha akamwona amerudi kijijini wiki hiyo hiyo kwa dhamana hupoteza imani ya watu wake. Kura, katika hali hiyo, inamsukuma kuvunja sheria. Hilo ni tatizo la kila mlinzi anayechaguliwa, si la Usukumani pekee.

Nchi nyingine zimelijaribu jambo hili kwa vyeo vikubwa zaidi. Marekani ina masherifu wanaopigiwa kura katika kaunti. Uingereza na Wales zilianza mwaka 2012 kuchagua makamishna wa polisi na uhalifu katika maeneo 41, kila mmoja akiwa na mamlaka ya kumteua na kumwondoa mkuu wa polisi wa eneo lake. Uchaguzi wa kwanza ulivutia takribani asilimia 15 tu ya wapiga kura, na mwaka 2025 serikali ilitangaza kwamba vyeo hivyo vitafutwa mwaka 2028. Wapiga kura wengi hawakuwajua makamishna wao hata kwa jina. Kenya, katika Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011, iliweka Mamlaka ya Polisi ya Kaunti inayoongozwa na gavana au mtu anayemteua, lakini magavana wengi wameona amri halisi ikibaki Nairobi. Huko huko Kenya, Wakuria walichukua mfano wa sungusungu kutoka kwa ndugu zao wa Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1990 na kupunguza wizi wa ng'ombe, ilhali Kisii kundi lenye jina hilo lilikuja kutumiwa na wanasiasa kutisha watu. Ukubwa wa eneo unaonekana kuwa na uzito. Mtemi wa kijiji kimoja anajulikana na kila anayemchagua. Kamishna wa eneo zima hawezi.

Ndani ya Simiyu ya leo mtemi anafanya kazi katika msongamano. Tangu mwaka 2006 Jeshi la Polisi, chini ya Said Mwema, lilihimiza polisi jamii na ulinzi shirikishi, na baadaye kata zikaletewa wakaguzi wa polisi. Mwenyekiti wa kijiji, aliyepatikana katika uchaguzi wa tarehe 27 Novemba 2024, ana muhuri na chama nyuma yake. Jina la mtemi halikuwa kwenye karatasi ile ya kura. Wezi wamebadilika pia. Ng'ombe aliyeibwa jioni anaweza kupakiwa kwenye gari na kuwa machinjioni nje ya mkoa kabla ya alfajiri, bila kuacha ukwato wa kufuatwa. Filimbi imepata msaidizi, simu ya mkononi, na makamanda hupigiana simu kuziba barabara na kukagua vibali mnadani. Kwenye mpaka wa mashariki, kuelekea Serengeti na Pori la Akiba la Maswa, mamlaka yao yanakoma. Huko ni kazi ya askari wa wanyamapori.

Mtemi hana muhula ulioandikwa katika sheria. Wapo waliokaa miaka mingi, wapo walioondolewa baada ya msimu mmoja. Kuondolewa kunafanyika kama kuchaguliwa: mkutano unaitwa, hesabu za faini zinasomwa, wenye neno wanasema, na mtu mwingine anatajwa. Anayetoka anakabidhi daftari na chochote cha kundi kilichokuwa kwake. Hapati kiinua mgongo wala pensheni, na kama umri bado unamruhusu, jina lake linaandikwa tena kwenye orodha ya zamu, chini ya mtemi mpya.